Nataka kuweka Linux pembeni ya Windows 10, bakapu nimeweka D, niendelee?

mwandishi_wa_usiku:

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kabla sijabonyeza kitu nikaja kujuta. Nina laptopu ya miaka kama nane hivi, SSD ya GB 512, ramu GB 8, Windows 10. Toka apdeti za bure za Windows 10 zikome tarehe 14 Oktoba 2025 nimeendelea kuitumia hivyo hivyo, na Windows 11 imegoma, inasema prosesa yangu haimo kwenye orodha. Nimeamua kuweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ila Windows nisiitoe, maana kuna programu moja ya kuchambua data za utafiti wangu inakubali Windows tu na nina kama miezi mitano bado ya kumaliza tasnifu.

Kinachoninyima usingizi ni data. Humo ndani kuna tasnifu yenyewe, madodoso yote niliyoskani, picha za toka 2011, na kitu ambacho sitakipata tena popote, rekodi za sauti za marehemu babu, kama masaa kumi na mbili hivi, nilimrekodi anasimulia maisha yake miaka miwili kabla hajatutoka. Hizo zikienda zimeenda.

Bakapu nimeshafanya, nimekata kila kitu kutoka C nikapesti D, sahivi C imebaki na Windows na programu tu. Mpango ni Linux ikae huko C pamoja na Windows alafu D nisiiguse kabisa. Nimeangalia video kadhaa kila mtu anasema lake, mmoja anasema ni kazi ya dakika kumi. Sasa nauliza, kwa bakapu hiyo niko salama? Na je lazima nigawe diski upya au Mint inajipanga yenyewe? Nina eksteno ya TB 1 pia ila imejaa muvi, sijui kama itahitajika.


fundi_taratibu:

Mkuu simama hapo hapo ulipo, usibonyeze chochote kwanza.

Hiyo uliyofanya sio bakapu. Nalisema waziwazi kwa sababu nimeona watu wengi wamepoteza vitu kwa imani hiyo hiyo. C na D kwenye laptopu yako ni mstari tu uliochorwa kwenye SSD moja, kifaa ni kimoja, chipu ni zile zile, SSD ikifa zinakufa zote mbili kwa sekunde moja. Na SSD nyingi zikifa hazikohoi kwanza kama zile diski za zamani zilizokuwa zinagonga gonga wiki nzima, unawasha asubuhi haionekani hata kwenye BIOS.

Cha pili, umesema umekata ukapesti. Kukata hakuongezi nakala, kabla ulikuwa na rekodi moja ya babu na sasa unayo moja ile ile, imehama chumba tu. Bakapu inaanza pale ambapo kitu kipo sehemu mbili na moja ikipotea sasa hivi hutetereki.

Cha tatu ndio hatari yenyewe. Linux haijui habari za C wala D. Hizo herufi ni mambo ya Windows. Ukifika kwenye programu ya kuinstoli utaona vitu kama nvme0n1p3, nvme0n1p4, au sda1, sda2, na pia kuna chaguo linaitwa Erase disk and install Linux Mint. Mtu aliyechoka anasoma haraka anadhani linafuta C peke yake. Linafuta diski nzima, D ikiwemo. Na kwenye SSD kuna kitu kinaitwa TRIM ambacho kinaiambia diski sehemu zipi hazitumiki tena ili izisafishe, kwahiyo matumaini ya kurudisha kwa zile programu za uokoaji ni madogo sana ukilinganisha na zile diski za zamani.

Kwahiyo jibu la eksteno: ndio, inahitajika, tena ndio ya kwanza kabla ya Linux. Toa muvi humo, muvi zinapatikana tena. Kopi kila kitu cha D kwenda eksteno, kopi sio kata. Alafu zile rekodi za babu na tasnifu zitafutie nakala ya tatu nje ya nyumba unayoishi, iwe mtandaoni au kwenye flashi kwa ndugu yako. Kuna kanuni wanaita 3-2-1, aliyeieneza ni mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja ikae mahali pengine. Wapiga picha wanaielewa kwa sababu harusi ya mtu hairudiwi. Na babu yako ndio hivyo hivyo.

Ukimaliza rudi hapa tuongelee kugawa diski.


jaribu_kwanza:

Mimi ningekushauri uweke VirtualBox ndani ya Windows uendeshe Mint humo humo, hakuna kugawa diski, hakuna kugusa buti, ukichoka unafuta folda moja basi. Ramu GB 8 inatosha, ipe Mint 3 au 4. Kwa miezi mitano iliyobaki sioni haja ya kuchezea mashine yenye tasnifu, hata ikienda vizuri utapoteza siku mbili tatu kuzoea.


fundi_taratibu:

@jaribu_kwanza kwa kujifunza nakuunga mkono kabisa, kila mtu aanzie huko. Ila tatizo lake yeye sio kujifunza, ni Windows isiyopata apdeti. Ukiweka Mint ndani ya VirtualBox ile Windows ndio bado inashika intaneti, inafungua imeili na inachomekewa flashi za watu. Anachotaka ni kinyume, mambo ya intaneti yahamie Linux na Windows iwashwe pale tu anapochambua data, ikiwezekana waifai ikiwa imezimwa. Kwa hilo buti mbili, yani mifumo miwili na unachagua upi uwake, ni sahihi. Hapo kwenye kusubiri tasnifu iishe una hoja, lakini huyu bakapu anaihitaji leo hii hata asipoweka Linux maisha yake yote.


mwandishi_wa_usiku:

Aisee asante sana mkuu, nimekaa nimesoma jibu lako mara mbili nikaenda moja kwa moja kufuta muvi. Kweli miaka yote nilikuwa najua D ni sehemu salama, hata aliyenifundisha kompyuta aliniambia "weka vitu vyako D ili Windows ikiharibika usipoteze", sikuwaza diski yenyewe.

Sasa nimeanza kukopi kwa kuburuta folda na imenitoa jasho. Imefika katikati ikasimama inauliza kuhusu faili fulani, nikawa nimelala, asubuhi nakuta bado inauliza. Kuna folda nyingine mafaili yana alama ya kawingu kadogo ka bluu na hayataki kukopi intaneti ikizimwa. Na la mwisho, nitajuaje kama vyote vimefika? Folda zina mafaili zaidi ya elfu arobaini siwezi kufungua moja moja.


fundi_taratibu:

Hapo umegusa penyewe, tuanze na kawingu. Hiyo alama maana yake faili halipo kwenye laptopu yako, lipo OneDrive na unachokiona ni jina tu. Ndio maana bila intaneti halikopiki. Bofya kulia kwenye folda hiyo chagua Always keep on this device, subiri mpaka alama zote ziwe tiki ya kijani ndio ukopi. Hili linawaumiza watu hasa wakipiga imeji, yani nakala ya diski nzima ilivyo, imeji inabeba majina matupu na mtu anaamini ana picha zake.

Kuburuta acha, tumia robocopy, ipo ndani ya Windows tayari. Fungua Command Prompt, chukulia eksteno yako ni F, andika hivi:

robocopy D:\ F:\bakapu_D /E /R:1 /W:1 /XJ /LOG:F:\ripoti.txt

/E inachukua folda zote na za ndani yake. /R:1 na /W:1 ni muhimu, usiziache, kwa sababu bila hizo robocopy ikikutana na faili lililogoma inajaribu tena mara 1,000,000 na kila mara inasubiri sekunde 30, utakaa hapo mpaka tasnifu ijiandike. Ukiona mtu anakushauri /MIR usiitumie kwa sasa, hiyo inafananisha pande mbili, maana yake kitu kisichopo upande wa kwanza inakifuta upande wa pili, na ukikosea kupanga upi kwanza upi wa pili umefuta bakapu kwa mkono wako. Ikiisha fungua ripoti.txt, chini kabisa kuna jedwali, angalia safu ya FAILED. Kama sio sifuri tafuta neno ERROR humo ndani uone ni faili gani na kwa nini.

Alafu kuna vitu ambavyo havikai D wala Documents na watu huvikumbuka baada ya wiki: paswedi na alamisho za brauza, templeti za Word, fonti ulizoweka mwenyewe, kamusi, leseni za programu zako. Hiyo programu ya data ina namba ya leseni? Iandike kwenye karatasi. Vingi vya hivyo vinajificha kwenye folda inaitwa AppData ambayo kwa kawaida haionekani, ukiweza kopi folda yako nzima ya C:\Users pia.

Kuhusu utajuaje: kuhesabu ni hatua ya kwanza tu, bofya kulia Properties pande zote mbili ulinganishe idadi ya mafaili na ukubwa kwa baiti. Hatua ya pili fungua. Chukua mafaili kama ishirini ovyo ovyo, ya zamani na mapya, makubwa na madogo, yafungue kutoka eksteno sio kutoka D. Zile rekodi za babu usichague, sikiliza zote, hata kama ni mwanzo, katikati na mwisho wa kila moja. Na kwa hizo fanya zaidi, kila faili piga

certutil -hashfile "D:\babu\rekodi01.wav" SHA256

alafu piga tena kwa ile ya eksteno. Ule mlolongo mrefu wa herufi ukifanana pande zote mbili basi hata baiti moja haijabadilika. Yaandike hayo majibu kwenye faili la maandishi uyaweke pamoja na rekodi, hata baada ya miaka kumi utaweza kukagua kama bado nzima.


nakala_ya_tatu:

Naomba niongeze hapa kwa sababu mimi yamenikuta na sitaki yamkute mtu mwingine.

Mimi bakapu nilikuwa nayo. Eksteno nzima, nimekagua, kila kitu kipo. Siku ya kuinstoli nikaiacha imechomekwa kwa sababu niliwaza nitairudishia data hapo hapo nikimaliza. Kwenye orodha ya diski nikaona nvme0n1 na sda na sdb. Toka zamani nilikuwa nimezoea sda ndio diski ya ndani ya kompyuta, yani diski ya kwanza, hiyo nvme sikujua hata ni kitu gani. Nikachagua sda, nikabonyeza endelea, nikasogea kuandaa chakula cha watoto. sda ilikuwa ni eksteno. SSD za kisasa za aina ya NVMe ndio zinaitwa nvme0n1, na sda inakwenda kwa chochote cha SATA au USB kilichotangulia kuonekana.

SSD yangu ilibaki salama kwahiyo nilidhani nimepona, ila nilikuwa nimeshaisafisha siku iliyotangulia ili nipate nafasi, nikijua bakapu ipo. Nilihangaika na TestDisk, programu ya kuokoa data, siku tatu, patisheni (kile kipande cha diski chenye mafaili) haikurudi kwa sababu mafaili ya Linux yalikuwa yameandikwa juu yake, ikabidi nitumie PhotoRec. Inarudisha kweli, lakini inarudisha bila majina, bila folda, bila mpangilio, unakuta folda recup_dir.1, recup_dir.2 mpaka mia na kitu, ndani yake f0034816.jpg, f0035112.jpg na kadhalika. Picha za mwanangu wa kwanza alipozaliwa nimezipata kama theluthi. Video hata moja haikufunguka.

Kwahiyo @mwandishi_wa_usiku mambo mawili nakuomba kama dada yako. Ukishamaliza kukopi na kukagua, chomoa eksteno, iweke kabatini, isirudi mezani mpaka Mint iwe imewaka na Windows imewaka. Na usifute chochote kutoka D mpaka uwe na ile nakala nyingine nje. Wakati wa kuandika Mint kwenye flashi pia eksteno iwe imechomolewa, maana Rufus, ile programu ya kuandikia flashi, inafuta kifaa chochote utakachokichagua.


mwandishi_wa_usiku:

Dada pole sana, nimesoma nimeumia. Nimeandika kwenye karatasi na kubandika juu ya meza: CHOMOA EKSTENO.

Ripoti: robocopy imekimbia kama masaa manne. FAILED ilikuwa 1. Nilitaka kuipuuza, moja kati ya elfu arobaini, nikasema ngoja niangalie. Ilikuwa ERROR 32, faili la pst la Outlook, yani barua zangu zote na msimamizi wangu toka siku ya kwanza, kumbe Outlook ilikuwa imefunguka nyuma imelishikilia. Nimefunga Outlook nikarudia, sifuri. Idadi zimelingana. Rekodi za babu ziko 31, zote SHA256 zimefanana, na nimezisikiliza, jana nimekaa mpaka saa nane usiku nikimsikiliza mzee. Kuna moja sikuwahi kuisikia toka nilipoirekodi. Dada yangu mkubwa anaishi mbali na mimi, nimempa flashi yenye rekodi na tasnifu na picha, na tasnifu peke yake nimeiweka mtandaoni pia.

Sasa naweza kuendelea?


fundi_taratibu:

Sasa unaweza, na hongera, hiyo ya kufuatilia faili moja ndio kazi yenyewe. Bado kitu kimoja cha bakapu: ulichonacho ni data, Windows yenyewe na ile programu yako pamoja na leseni yake haimo. Ikiharibika utainstoli upya, ni siku nzima. Kama eksteno ina nafasi pakua Rescuezilla, ni ndugu wa Clonezilla ila ina dirisha la kubofya, buti kwa flashi upige imeji ya SSD nzima. Kama diski haijafungwa kwa BitLocker, naieleza hapo chini, inachukua sehemu zenye data tu kwahiyo haitakula GB 512. Ina na chaguo la kuhakiki imeji, litumie. Hapa ndio mara pekee eksteno inarudi mezani, alafu ichomoe tena.

Sasa Windows iandae kabla ya kuigusa Linux. Fungua Command Prompt kwa haki za admini uandike manage-bde -status. Ukiona C imefichwa kwa BitLocker, ile kinga ya Windows inayofunga data isisomeke bila ufunguo, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi, sio kwenye laptopu hiyo hiyo. Ukibadilisha mambo ya buti Windows inaweza kukuuliza huo ufunguo na bila huo hakuna njia ya kuingia, data yote inabaki haisomeki. Wengi laptopu zao zimefichwa na hawajui. Kwa urahisi izime kwanza kwa manage-bde -off C: na D kama nayo imefichwa, subiri imalize.

Alafu andika powercfg /h off. Hii inaua Fast Startup. Kwa kawaida ukibonyeza Shut down Windows 10 haizimi kabisa, inalala nusu, na patisheni zake zinabaki kama zimefungwa, Linux ikija inakataa kuziandikia au inazifungua kwa kusoma tu. Watu wanadhani Linux mbovu kumbe Windows haijaondoka.

Andika msinfo32 uangalie BIOS Mode. Ikiwa UEFI, yani njia mpya ya kuwasha kompyuta (ya zamani inaitwa Legacy), ambayo kwa laptopu ya miaka nane ndio kawaida, hakikisha na flashi unaibuti kwa UEFI. Ukichanganya, Windows kwa UEFI na Mint kwa Legacy, haziwezi kuonana kwenye menyu moja.

Kuhusu nafasi, achana na C. Ingia Disk Management, D ipunguze kwa Shrink Volume. Watu wa Mint wanasema kiwango cha chini ni GB 20 na wanapendekeza GB 100, wewe toa 100. Tumia chombo cha Windows kupunguza patisheni ya Windows, usiiachie Linux, ni desturi nzuri tu. Ikikataa kutoa nafasi yote ni kwa sababu kuna mafaili ambayo Windows haiwezi kuyasogeza, anzisha tena mashine ujaribu tena. Ile nafasi iache Unallocated, usitengeneze E.

Kabla ya kuandika flashi kagua ile ISO ya Mint, yani faili la kuinstolia ulilopakua, kwa certutil kama ulivyofanya rekodi, linganisha na SHA256 iliyoandikwa kwenye tovuti yao.

Sasa sikiliza, hii napenda kila mtu afanye. Mint ikibuti kutoka kwenye flashi inakuja kamili bila kuinstoli. Kaa humo nusu saa. Jaribu waifai, sauti, kamera, kulala na kuamka. Alafu chomeka ile flashi uliyompa dada, au nakala yake, ufungue rekodi moja ya babu humo ndani ya Mint. Ikicheza umejua mambo mawili kwa mpigo, sauti inafanya kazi na nakala yako inasomeka hata kusipokuwa na Windows duniani. Ichomoe.

Ukianza kuinstoli itakupa Install alongside Windows, ikiwa imeiona ile nafasi tupu inatosha. Mimi napendelea Something else kwa sababu naona ninachofanya: chagua free space ya GB 100, tengeneza patisheni ya ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux), na pale kwenye Mount point weka /. Ile patisheni ndogo ya EFI, mara nyingi ni MB 100 na ni FAT32, inatumiwa na mifumo yote miwili, iache ilivyo na USIWEKE tiki ya kufomati, ukiifomati Windows haitawaka tena mpaka utengeneze upya. Kabla ya kukubali itakuonyesha orodha ya mabadiliko, isome kwa sauti. Ikitaja kufomati kitu kingine zaidi ya hiyo ext4 yako rudi nyuma. Na chaja iwe imechomekwa muda wote.


jaribu_kwanza:

Kama laptopu ina sehemu ya SSD ya pili ningeweka Mint huko kabisa, ile ya Windows naichomoa wakati wa kuinstoli, hakuna hata uwezekano wa kukosea. Kila mfumo unakuwa na buti yake.


nakala_ya_tatu:

Kweli, hiyo ndio safi kuliko zote kama nafasi ipo. Sasa hivi mimi ndio natumia hivyo.


mwandishi_wa_usiku:

Laptopu yangu ina sehemu moja tu nimeifungua kuangalia. Kwahiyo nimefuata ya fundi.

Nimefanya leo toka asubuhi. BitLocker ilikuwa imewaka kweli na sikuwahi kujua, sijui ingekuwaje. Shrink ilinipa GB 61 mara ya kwanza, baada ya kuwasha upya ikanipa 100. Kwenye Mint ya flashi waifai imekubali yenyewe na nimemsikiliza babu anasimulia habari ya mto uliofurika, nikachomoa. Kuinstoli kwenyewe kumechukua kama dakika ishirini.

Mambo mawili yamenichanganya. Nilipowasha upya imeingia Windows moja kwa moja kama vile Mint haipo. Nikaingia BIOS kwenye mpangilio wa buti nikaona Windows Boot Manager na chini yake imeandikwa ubuntu, na mimi sikuweka Ubuntu. La pili, nikitoka Mint nikarudi Windows saa inakuwa imekosea, nikiirekebisha nikirudi Mint nako inakosea.


fundi_taratibu:

Hiyo "ubuntu" ndio Mint yako. Mint imejengwa juu ya Ubuntu na kwenye UEFI inajiandikisha kwa jina hilo. Ipandishe iwe ya kwanza, hifadhi, washa upya, utapata menyu ya GRUB yenye Mint na Windows zote mbili. Siku ukikuta Windows haimo kwenye menyu, toka toleo la GRUB 2.06 la 2021 ile kazi ya kutafuta mifumo mingine imezimwa kwa kawaida, unafungua /etc/default/grub unaweka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false alafu sudo update-grub.

Saa ni ugomvi wa zamani. Windows inaiandika saa ya mashine kwa saa ya hapo ulipo, Linux inaiandika kwa UTC, kila mmoja akiwaka anaisoma kwa namna yake. Ukiwa Mint fungua teminali:

timedatectl set-local-rtc 1

Ukiandika timedatectl peke yake utaona onyo kwamba njia hii haipendekezwi, hasa kwa sehemu zinazosogeza saa majira ya joto na baridi. Kwa matumizi yako inafaa. Alafu rekebisha saa mara moja ya mwisho.

Na usije ukaiamini Timeshift kwa tasnifu. Mint itakuhimiza uiwashe, iwashe, ni nzuri sana, ila kwa kawaida inahifadhi mfumo tu na inaruka folda yako ya nyumbani. Kwa mafaili yako tumia ile Backup Tool iliyomo humo au rsync kwenda eksteno kila wiki, siku moja unayoijua, alafu eksteno inarudi kabatini. Ikikaa imechomekwa siku zote, kirusi kinachofunga mafaili kikiingia kinafunga na hiyo.


mwandishi_wa_usiku:

Menyu imetokea, zote mbili zinawaka, saa zinalingana. Imeji ya Rescuezilla nimeihakiki nayo imesema nzima. Ijumaa jioni nimeiweka kuwa siku ya eksteno, na dada nitampelekea flashi mpya kila nikimaliza sura moja ya tasnifu. Asanteni sana wote, na dada @nakala_ya_tatu, ile karatasi ya CHOMOA EKSTENO bado ipo juu ya meza.


nakala_ya_tatu:

Iache hapo hapo mdogo wangu. Na rekodi za mzee mpe kila mtu wa familia anayezitaka.